Kanisa Kuu la Azania Front

Kanisa Kuu la Azania Front ni kanisa la Kilutheri lililoko katikati ya jiji la Dar es Salaam, upande wa Kivukoni, likitazama bandari. Hapo ndipo kilipo kiti cha askofu wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Mmisionari Johann Jakob Greiner, aliyetumwa na chama cha misheni cha Berlin, alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji huo makao makuu ya koloni lao, na ujenzi wa kanisa ukaanza 1898. Jina lake la sasa limetokana na barabara ya ufukweni ya enzi za Waingereza. Azania ni jina ambalo mabaharia wa Kigiriki waliipa pwani hii zamani.

Jengo lina kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu na mnara wa kengele unaoonekana vizuri kutoka majini. Umbo lake linakumbusha makanisa ya Ujerumani ya kusini, lakini uzuri wake hasa uko kwenye madirisha. Juu ya madirisha hayo vimejengwa vipaa vidogo vya vigae, vilivyochomoza ukutani kama ukingo wa kofia. Saa sita mchana, jua linapopiga kuta hadi macho yauma, madirisha hubaki kivulini. Masika yakija, maji hudondokea nje. Fundi aliyevibuni aliielewa pwani. Ndani ni kimya na hakuna mapambo mengi, na kuna kinanda kikubwa cha mabomba.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na waumini Waafrika wakabeba mzigo mkubwa wa kazi. Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa KKKT, likiwemo la mkoa wa Singida, ambako Wamarekani wa misheni ya Augustana walikuwa wamefanya kazi tangu miaka ya 1920. Ndiyo maana Mlutheri wa Mandewa, Singida, aliyesafiri kwa basi zaidi ya kilomita 600, huingia Azania Front Jumapili asubuhi na kitabu chake cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, akafungua namba iliyotajwa na kuimba pamoja na wenyeji.