Nani anachagua fasi ya nyumba? Historia kidogo mbele ya kupiga msingi



Mu mkutano wetu wa mwisho tuligombana. Hatutaficha, juu wengi walikuwapo na sauti zilisikika mpaka njiani. Shauri lilikuwa hili: kwenye ile ardhi tuliyopata nje ya Likasi, upande wa Kapolowe, nyumba za kwanza tuziweke wapi? Wazee walisema pembeni ya barabara. Bamama wengi walisema hapana, kule chini karibu na kijito, fasi mashamba yatakapokuwa. Kijana mmoja akauliza: « Juu gani tunapoteza wakati? Nyumba ni nyumba. » Watu wakacheka, lakini hakuna aliyemjibu vizuri. Sisi wa kamiti tunajaribu kumjibu hapa. Haya maneno hayakuanza leo. Kandokando ya Likasi, kwa miaka zaidi ya mia moja, mara nyingi fasi ya nyumba ya mtu ilichaguliwa na mtu mwingine.

Tuanze na wa zamani. Basanga, wenyeji wa hii inchi, hawakujenga nyumba ya kukaa miaka hamsini. Kijiji kilisimama fasi moja miaka michache, mpaka udongo wa mashamba uchoke ao sultani afe, kisha kikahama. Fasi mpya ilitafutwa kwa kufuata maji. Si majini kabisa, ila juu kidogo ya dembo, lile bonde la majani linalojaa maji wakati wa masika na kubaki na unyevu wakati wa kiangazi. Chini mboga, juu nyumba, nyuma yake pori la miombo kwa kuni na kwa shamba jipya.

Halafu kuko kichuguu. Mtu asiyejua Katanga anakiona kama kizuizi cha kusawazishwa kwa tingatinga. Vile vikubwa vyetu vinapanda mita tano na zaidi, na watafiti waliopima kimoja karibu na Lubumbashi waliona umri wake unapita miaka 2,000. Fikiri: mbele ya Msiri, mbele ya reli, mbele ya kila karatasi ya lupango, kichuguu kilikuwa pale. Udongo wake si kama ule mwekundu wa kando. Una chokaa na una mfinyanzi mwingi. Njo udongo uliojenga tanuru za wale waliokuwa wakiyeyusha shaba mbele ya wazungu, njo tunaofyatulia matofali leo, na mboga inakubali juu yake kuliko fasi ingine. Wa zamani hawakujenga juu yake, walijenga karibu nayo.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Kuanzia hapo fasi ya nyumba ilifuata fasi ya jiwe. Mwanzoni kampuni ilitaka wanaume peke yao, kwa mkataba wa miezi, na magonjwa yaliua wengi kambini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 siasa ikageuka: mfanyakazi aje na mke na watoto, akae. Ndipo zikakua zile kambi ambamo wengi wetu tulizaliwa, Panda na Shituru: nyumba kwa safu, mlango ukitazama mlango, kila nyumba na numero yake. Mwaka 1931 mji wenyewe ukapewa jina la Jadotville, jina la injinia wa Ubelgiji, na jina la Likasi likarudi mwaka 1966 tu.

Hatuwezi kusema uongo: wazee wengi wanakumbuka kambi kwa hamu. Kulikuwa na maji ya robine, posho, dispanseri, masomo ya watoto. Lakini nyumba ilifungwa na kazi. Kazi ikiisha, funguo zinarudi. Na aliyechora zile safu hakuuliza upepo wa kiangazi unatoka wapi, ao mama atapikia wapi. Swali lake lilikuwa umbali mpaka kazini, na umbali kati ya mweusi na mzungu. Kule Elisabethville waliacha mamia ya mita za ardhi tupu kati ya mji wa wazungu na mji wa weusi, wakisema ni juu ya mbu wa malaria. Mbu huyo alijua rangi ya watu, inaonekana.

Vijijini, Leta ilifanya kazi ileile kwa njia yake. Vijiji vilivyotawanyika kwenye vijito viliamriwa kupanda barabarani, nyumba mistari miwili, ili mtumishi wa Bula Matari aweze kuhesabu watu, kudai kodi, kutafuta watu wa kazi na kutazama wagonjwa bila kutembea porini. Barabara yenyewe, wanakijiji walilazimishwa kuilima na kuifagia. Maji yakabaki kule chini. Nani alitembea kuyafuata? Mama, na ndoo kichwani, asubuhi na jioni, miaka na miaka. Bamama walipopaza sauti kwenye mkutano, wazee wetu wasifikiri ni ubishi wa siku moja.

Tuseme haki ya wazee vilevile. Barabara ilileta masomo na dispanseri, na mtu mwenye mahindi ao makala ya kuuza anajua bei inavyoshuka kila hatua unapokuwa mbali na gari. Mgonjwa wa usiku, mama mwenye uchungu wa kuzaa, hawa wanaokolewa na barabara. Lakini wengi wetu tumeona pia mistari miwili ya miembe porini, bila hata nyumba moja. Pale palikuwa kijiji. Barabara ilihamishwa, watu wakaifuata, miembe ikabaki.

Maji nayo yaliwahi kuhamishwa. Bwawa la Mwadingusha, juu ya mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Likafunika bonde zima na kuzaa ziwa Tshangalele. Umeme ulikwenda kwenye mitambo ya kampuni, na vijiji vya ukingoni vikaendelea na taa ya mafuta. Watu wakageuka wavuvi, wakajenga upya pembeni ya maji ambayo hawakuyaomba.

Sasa tunafika kwenye miaka ambayo hatupendi kuandika. Tangu mwezi wa tisa wa 1992, hapa Likasi, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa manyumbani, hata wale waliozaliwa kambini na ambao hawakuona Kasai siku hata moja. Maelfu walijaa kwenye gare wakingoja treni, majuma na miezi, wakilala chini ya mashuka na maplastiki. Wengi walizika watoto kabla ya treni kufika. Sehemu kubwa ya chama chetu ni watu wa gare ile. Wengine kati yetu ni Bakatanga kabisa, waliokimbia vita upande wa Mitwaba miaka kumi na zaidi baadaye, na wengine walirudi kutoka Zambia. Tunakaa mkutano mmoja, na si kila siku ni rahisi.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa na mwingine ndani. Mmoja wetu alipeleka karatasi yake ya zamani kwenye bilo moja, wakamwambia: « Hii karatasi ilikufa. » Akairudisha mfukoni, na bado anaitembeza. Mjini kazi nazo zilikuwa zimepungua: mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wakatafuta jembe. Njo vile nasi tulikuja kufikiri juu ya ardhi ya nje ya mji. Tunawaandikia wafadhili jambo hili waziwazi: hatukwenda porini kwa kupenda hewa nzuri.

Kabla ya kusema pori liko wazi, tukumbuke Shinkolobwe. Iko karibu na mji wetu, upande wa magharibi. Jiwe lake la urani lilijulikana tangu 1915, na urani ya pale iliingia mu ile bomu iliyotupwa Hiroshima mwaka 1945. Mgodi ulipofungwa watu hawakuisha. Miaka ya 1990 wachimbaji wa mikono walikuja kutafuta kobalti, kijiji kikajaa, kukawa soko, makanisa, watoto. Mwezi wa kwanza wa 2004 Leta ikakataza kuchimba. Mwezi wa saba shimo likaanguka na kuua watu. Kisha kijiji kikavunjwa, na maelfu wakaondoka na vyombo vyao. Wale watu walichagua fasi yao wenyewe. Lakini chini ya nyumba kulikuwa na kitu ambacho mwingine alikuwa na haki nacho, na ambacho kilikuwa kinaweza kuwaumiza bila wao kukiona.

Hapa lazima tuingie kidogo mu sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Leta. Kifungu cha 387 mpaka cha 389 kinataja ardhi ambayo wenyeji wanakaa, wanalima ao wanatumia kwa desturi yao, na kuahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki zao. Miaka makumi ilipita bila ile amri kutoka. Basi sultani anakupa ardhi mbele ya mashahidi, unatoa mbuzi na kinywaji, wote wanajua ni yako, na siku moja mtu anafika na karatasi kutoka Lubumbashi ao Kinshasa. Chini ya ardhi ni hadithi ingine, ni ya Sheria ya Madini ya 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018. Ile ya 2002 iliandika kwamba mwenye haki ya kuchimba hawezi kukamata ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka kwenye nyumba bila mwenyewe kukubali, na chini ya mita 45 kutoka kwenye shamba lililolimwa. Kwa hiyo, kijana wetu, nyumba si nyumba tu. Fasi unapoisimamisha inachora duara kuizunguka. Nyumba sita zikibanana barabarani zinalinda kipande kidogo cha ardhi. Nyumba sita zikipangwa kwa akili zinalinda mashamba na kijito pamoja. Mita 180 si ukuta, tunajua. Ni neno la kusema mbele ya mtu mwenye karatasi, na zamani hatukuwa na neno.

Baada ya ule mkutano tulitembea ardhi yote, wazee, bamama na vijana, kuanzia barabarani mpaka kijitoni. Tuliona mambo ambayo kwenye mkutano hakuna aliyeyasema. Bamama walikubali kwamba chini kabisa, ukingoni mwa dembo, hapafai: udongo ni mweusi, kiangazi unapasuka, masika unavimba, na ukuta wa matofali hauvumilii mchezo huo. Mama mmoja alichomeka fimbo, ikaingia mpaka mkononi. Wazee walikubali kwamba barabarani vumbi la malori ya madini ni jingi, na malori yale hayalali. Katikati ya mteremko kuko vichuguu viwili vikubwa, na kati yao uwanja mpana wenye udongo mgumu. Kutoka pale kijito kinaonekana, na barabara inasikika.

Upepo wa kiangazi hapa kwetu unatoka sana kusini-mashariki. Kwa hiyo jiko na choo vinakwenda upande wa pili wa nyumba, na choo kinakaa chini ya kisima kwenye mteremko, hata siku moja si juu yake. Mwezi wa nane na wa tisa moto wa pori unakuja na upepo uleule, basi upande ule tutalima ukanda mtupu, hata kama unakula sehemu ya shamba. Kichuguu kimoja tutakikata kwa matofali. Cha pili kinabaki. Hapo mzee mmoja alikataa kabisa kisiguswe, na hakutoa sababu, na hatukumlazimisha.

Bado hatujapatana juu ya nyumba mbili. Familia moja inataka kukaa barabarani, juu wana duka kichwani mwao, na pengine wana haki. Ingine inaomba kuwa mbali kidogo na wengine. Mwenye kujua gare ataelewa kwa nini watu hawa hawapendi tena kulala wamebanana.

Vigingi vinne vimekwisha kusimama kati ya vichuguu. Makaratasi ya ardhi yako kwa sultani, kisha yatakwenda Likasi kwenye bilo ya ardhi. Tunaomba kila mwanachama aliye na ushahidi wa mipaka aje nao. Pesa iliyotumwa na wafadhili imenunua mabati ya nyumba mbili na kuanza kuchimba kisima. Matofali yanakauka sasa, na yanapaswa kuchomwa mbele ya mvua ya mwezi wa kumi na moja. Mwenye mikono aje siku ya posho asubuhi, na jembe lake.