Maji ya chumvi ya visima vya mafuta: yanatoka wapi, yanabebwaje, na yakimwagika inakuwaje

Tukisikia kisima cha mafuta kimechimbwa, wengi wetu tunafikiria mafuta peke yake. Lakini visima vingi hutoa maji mengi kuliko mafuta. Ni maji yenye chumvi kali, hayafai kunywa wala kumwagilia, na lazima yapelekwe mahali.

Makala hii inatumia mfano wa North Dakota, jimbo la kaskazini mwa Marekani ambako visima vya mafuta viko katikati ya mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe. Tunaueleza kwa sababu mafuta yapo kwetu pia: yaligunduliwa Turkana, Kenya, mwaka 2012, na visima vimechimbwa kando ya Ziwa Albert, Uganda. Yaliyowapata wakulima wa kule yanafaa kujulikana mapema huku.

Maji haya yanatoka wapi?

Chini sana ardhini, mafuta hukaa ndani ya miamba pamoja na maji ya kale yaliyofungiwa humo kwa mamilioni ya miaka. Mafuta yakivutwa juu, maji hufuata. Kisima kinavyozeeka, mara nyingi mafuta hupungua na maji huongezeka.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Lita moja ya maji yanayotoka kwenye mwamba wa Bakken, North Dakota, inaweza kuwa na zaidi ya gramu 300. Hiyo ni zaidi ya robo kilo ya chumvi kwenye lita moja. Pamoja na chumvi kuna mabaki ya mafuta, amonia, na madini kama risasi na radiamu, ambayo hutoa mionzi.

Yanabebwaje?

Kisimani, maji hutenganishwa na mafuta na kuwekwa kwenye matangi. Kutoka hapo huchukuliwa na maboza, au hupitishwa kwenye mabomba yaliyofukiwa. Mwisho wa safari ni kisima kingine, cha kutupia. Humo maji husukumwa kwa nguvu hadi kwenye miamba iliyo chini zaidi ya maji ya kunywa. North Dakota kina cha miamba hiyo ni takriban mita 1,500.

Hatari iko katika kila hatua. Mpira wa kupakulia huchomoka, koki huachwa wazi, tangi hufurika, boza hupinduka, bomba hupasuka. Tena kuna udanganyifu, maana kuyatupa maji haya inavyotakiwa ni gharama. Mjini Youngstown, jimbo la Ohio, mwenye kampuni moja aliagiza uchafu wa visima umwagwe usiku kwenye mfereji wa maji ya mvua unaoingia Mto Mahoning. Aligunduliwa mwaka 2013, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miezi 28.

Kwa nini chumvi ni mbaya kuliko inavyoonekana?

Mafuta yakimwagika kila mtu huona weusi na kusikia harufu. Maji ya chumvi yanaweza kuonekana kama maji ya kawaida. Isitoshe, mafuta huliwa polepole na vijidudu vya udongoni. Chumvi haiozi wala hailiwi. Hubaki pale pale mpaka ihamishwe, au isukumwe na mvua kwenda kwingine, pengine kwenye kisima chako.

Udongo ukijaa chumvi, mizizi hushindwa kunyonya maji hata kama ardhi imelowa. Udongo wa mfinyanzi nao hufunga, ukawa mgumu na maji yasipenye. Ndiyo maana kipande cha shamba kinaweza kukaa miaka mingi bila kuota kitu.

Yaliyotokea North Dakota

Januari 2006, bomba lilipasuka karibu na mji wa Alexander. Takriban lita milioni 3.8 zilimwagika na kuingia kijito cha Charbonneau. Samaki, kasa na mimea vilikufa.

Januari 2015 bomba la kampuni ya Summit Midstream lilikutwa linavuja karibu na mji wa Williston. Mwanzoni ilielezwa kuwa zimemwagika takriban lita milioni 11. Uchunguzi ulionyesha kuwa bomba lilikuwa limevuja karibu miezi mitano, tangu Agosti 2014, na jumla ilifika takriban lita milioni 110. Hayo ni maboza zaidi ya 5,000 ya lita 20,000 kila moja. Maji yalipita kijito cha Blacktail hadi Mto Missouri. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 35 kwa makosa hayo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha matokeo ya kupima maeneo yaliyomwagikiwa North Dakota. Walikuta uchafu bado upo hata miaka 4 baada ya kumwagika, na radiamu imejikusanya kwenye udongo.

Yakimwagika karibu nawe

Ondoa mifugo kwanza. Wafugaji tunajua ng'ombe na mbuzi wanavyofuata chumvi; maji haya watayafuata vivyo hivyo, na yanaweza kuwaua.

Usiyaguse, na zuia watoto. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, kaa upande unakotoka upepo, kisha uende mbali.

Usimwagie maji mengi ukidhani unasafisha. Unaweza kuisukuma chumvi chini hadi kwenye maji ya visima. Kazi hiyo ni ya wataalamu: huondoa udongo ulioharibika, au huutibu kwa jasi na kuutolea mifereji.

Piga picha zenye tarehe, andika namba ya gari, saa na mahali, kisha mjulishe kiongozi wa kijiji na ofisi ya mazingira.

Maswali ya kuuliza barazani

Kampuni ikija kueleza mradi, tuulize: maji ya kisima yatapelekwa wapi? Yatabebwa kwa boza au bomba, na njia ipi? Nani anahesabu yaliyotoka kisimani na yaliyofika? Hesabu hizo zisipolingana, maji yamepotea njiani.

Tuombe pia visima vyetu vya maji vipimwe chumvi kabla kazi haijaanza, na karatasi ya majibu ibaki kijijini. Bila kipimo cha mwanzo, ni vigumu kuthibitisha baadaye kwamba maji yaliharibiwa.