Nyumba za Bati katika Pwani Yetu: Habari za Baada ya Fundi Kuondoka

Katika kurasa za kijitabu hiki, kilichotolewa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, msomaji ataona picha nyingi za maghala. Bati linang'aa, mlango umefunguliwa, viongozi na wanachama wamesimama mbele yake wakiwa na furaha, na furaha hiyo ni haki yao. Nami nilipoombwa kuandika habari za majengo ya pwani ya Kilwa na Lindi, nilijikuta kila mara narudi kwenye siku ambayo haipigwi picha. Nayo ni siku ya pili, fundi amekwisha kusanya vyombo vyake na kwenda zake, nyumba imebaki na wenyewe.

Wazee wetu wa pwani hawakujenga kwa chuma. Kilwa Kisiwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na juu wakalaza boriti za mikoko kisha wakamimina zege la chokaa. Ndiyo sababu vyumba vya majumba yale ni vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, nayo boriti haikuzidi sana meta 3. Walijua pia kwamba jiwe nalo lina maradhi yake. Sehemu ya Msikiti Mkuu iliyoongezwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ilianguka baadaye, ikajengwa upya karne ya 15. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981; mwaka 2004 yakatangazwa kuwa yamo hatarini; mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Katika miaka hiyo 10 hapakujengwa msikiti mpya wala husuni mpya. Kazi ilikuwa kuziba nyufa, kung'oa miti iliyoota kutani, na kuyazuia mawimbi yasiule ukingo.

Na mtu wa makuti alijua kwamba miaka michache ikipita ataezeka tena. Hesabu hiyo ilikuwamo akilini mwake tangu siku ya kwanza. Bati ndilo lililotufundisha kusahau.

Bati la mikunjo lilipewa hati ya uvumbuzi mjini London mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za mji huo, na huko huko gatini ndiko lilikoanza kutumika, katika banda la kuwekea shehena. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake bati ni mtumishi wa bohari. Miaka 8 baadaye, mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati yake ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka kisishike kutu. Yafaa kila mjumbe wa bodi alifahamu jambo hili vyema: zinki haiifukuzi kutu. Yenyewe hujitoa iliwe kwanza, na chuma husalimika kwa muda ule tu ambao zinki ingalipo. Ni mlinzi anayepokea mapigo ya bwana wake. Mlinzi akimalizika, zamu ni ya bwana. Katika hewa kavu ya bara mlinzi huyu huishi miaka mingi. Katika hewa ya chumvi ya Kilwa Masoko au Lindi mjini maisha yake ni mafupi mno. Walakini mnunuzi akiwa dukani huona bati lile lile, la bei ile ile, linalong'aa vile vile.

Chuma kilifika kusini kwa wingi wakati wa Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha ikaenea Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, katika hori ya Lindi, kwenda bara. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zilizokusudiwa kupita hapo zilikuwa zimekwisha katiwa tamaa. Mpango wenyewe uliachwa Januari 1951, baada ya kula pauni milioni 36 hivi, na reli ikafungwa mwaka 1962. Watu hupenda kuisimulia habari hii kwa kicheko, hasa vile vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mimi huicheka kidogo tu. Kosa lao lilikuwa kusimamisha chuma kwanza na kuuliza habari za udongo na mvua baadaye, na kosa hilo si la Waingereza peke yao.

Pwani nayo haikukawia kuuliza maswali yake. Mwezi wa Aprili 1952 kimbunga kikali kiliipiga Lindi. Watu wengi hudhani kwamba upepo huliondoa paa kwa kulisukuma. La, huliinua. Upepo upitao kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu, na kama mlango wa ghala umeachwa wazi, upepo huingia ndani na kulisukuma kutoka chini. Mvuto na msukumo vikikutana, bati hung'oka pamoja na papi zake. Hivyo basi mlango uliopinda usiofungika, ambao katika vikao vyetu huhesabiwa kuwa jambo dogo la kungoja mwaka ujao, siku ya tufani ndio unaoamua kama paa litabaki. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitukumbusha. Mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa, na kila mwenye mali ghalani akatazama juu.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kazi ya mazao ikashikwa na mamlaka za mazao, hata sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama. Katika miaka hiyo hiyo vilijengwa viwanda vikubwa vya kubangua korosho, Lindi, Mtama na Nachingwea vikiwa miongoni mwao. Korosho za nchi nzima zilizokuwa tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74 zilishuka hadi tani 16,500 hivi msimu wa 1986/87, na viwanda vikakosa kazi. Baadhi yake vilitumika baadaye kuwa maghala tu. Jengo la chuma lisilo na kazi huharibika upesi kuliko lenye kazi, kwa kuwa hapana anayeingia asubuhi akaona tone, hapana anayefagia, na jani lililoziba mfereji wa paa hukaa hapo na unyevu wake mpaka bati litoboke.

Sasa nieleze jambo nililolishuhudia mwenyewe, nikiwa karani wa ghala katika chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Ghala lilikuwa jipya. Korosho zilipokelewa kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu, na nyingine zilikuwa mbichi kidogo. Asubuhi ya siku ya tano tulikuta magunia ya safu ya juu yamelowa, na usiku ule hapakunyesha hata tone moja. Wanachama wakakasirika, tena kwa haki. Wakasema fundi ametuibia, bati lina matundu. Kijana akapandishwa juu na ndoo ya lami, akapaka kila msumari. Kesho yake magunia yakalowa tena. Tukanunua lami nyingine.

Paa lile halikuwa na tundu hata moja. Mvua ilikuwa ya ndani. Usiku wa anga jeupe bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake. Na hewa ile ilikuwa imejaa mvuke uliotoka katika korosho zenyewe, ambazo hazikukauka. Mvuke ukigusa bati la baridi hugeuka maji, kama yanavyotokea maji juu ya mfuniko wa sufuria, kisha hudondoka. Tuliziba hata nafasi ndogo zilizokuwa chini ya kofia ya paa, ambazo fundi alikuwa ameziacha makusudi ili hewa ipite. Yaani dawa yetu iliongeza maradhi! Hasara ilipohesabiwa, korosho ambazo zingekuwa daraja la kwanza ziliuzwa kama daraja la pili, na nyingine zilikuwa na ukungu usiofaa daraja lolote. Nilimwona mzee mmoja akilishika gunia lake kwa mkono, akaligeuza, akaliweka chini bila kusema neno. Ukimya wake naukumbuka kuliko makelele ya wengine.

Tangu siku hiyo nimeshika hivi. Korosho ipimwe unyevu kabla haijapita mlangoni, na iliyozidi asilimia 10 irudi juani, hata kama mwenyewe ni mwenyekiti. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, kiasi cha mtu kupita. Safu ya juu isikaribie bati. Matundu ya hewa ya paani yasizibwe ila kwa wavu wa kuzuia ndege.

Jambo la pili ni salfa. Tangu ugonjwa wa ubwiri unga ulipoingia katika mikorosho, mwishoni mwa miaka ya 1970, mkulima wa kusini hawezi kuishi bila unga wa salfa, na unga huo huletwa mwezi ambao ghala liko tupu. Ni jambo la kawaida basi kuupanga humo humo, ukiegemea ukuta wa bati. Lakini salfa ikipata unyevu hutoa tindikali, na tindikali hula zinki kisha chuma. Tazameni kuta za maghala yetu, upande wa chini, kimo cha gunia moja au mawili. Kutu iliyopo hapo wengi huisingizia bahari. Bahari ina makosa yake, lakini hili la salfa ni letu. Chumba kidogo cha tofali kando ya ghala, chenye sakafu iliyoinuliwa, kingetosha.

Na bahari yenyewe ina desturi inayofaa kujulikana. Kusi huvuma kwa nguvu katika miezi ambayo mvua haipo, kikileta chumvi kutoka baharini. Juu ya paa chumvi hiyo hungoja mvua, na mvua ikija huisafisha. Chini ya upenu, na katika kuta zilizofunikwa na upenu, mvua haifiki kamwe. Kwa hiyo bati huanza kuoza mahali palipokingwa, na mtu anayelitazama paa kwa juu hawezi kuona. Maji safi na kitambaa, mara moja kila mwaka kusi linapoanza kulegea, kabla ya msimu wa korosho, huongeza umri wa ukuta. Maji yasiwe ya chumvi, jambo ambalo nisingelitaja kama nisingekwisha kuliona likifanyika.

Skrubu pia zina habari yake. Bati la urefu wa meta 10, likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la alfajiri, hurefuka karibu milimita 5, na jioni hurudi. Hufanya hivyo kila siku ya Mungu. Tundu hupanuka, mpira ulio chini ya kichwa cha skrubu hukauka kwa jua, na hapo ndipo maji ya kweli huingia. Anayepanda kukaza asikaze kupita kiasi, kwa kuwa mpira ukipasuka ni sawa na kutokuwapo.

Haya yote hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji fedha kidogo kila mwaka na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Nimehudhuria mikutano mikuu mingi, na nimeona jinsi fungu la kujenga ghala jipya linavyopitishwa kwa makofi, na fungu la kutunza lililopo linavyopunguzwa nusu, kisha robo, kisha likafutwa ili gharama zionekane ndogo. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima humkabidhi mwendesha ghala mali yake mpaka mnada, na sheria humtaka mwendesha ghala ajibu kwa mali iliyoharibika mikononi mwake. Lakini mwendesha ghala akiwa chama chetu wenyewe, fidia itatoka wapi? Mdai na mlipaji ni mtu yule yule, na mfuko ni ule ule. Makato ya ghala tunayokatwa kwa kila kilo yangepaswa kuwa na sehemu iliyotengwa kwa ajili ya bati lenyewe, iandikwe peke yake katika hesabu, na isiguswe kwa safari wala kwa posho. Najua maneno haya hayatapendeza kila ofisi.

Lipo ghala moja katika eneo letu ambalo mtunzaji wake ana daftari la shule, la kurasa 96, alilonunua mwenyewe. Kila Jumatatu huandika humo alichokiona, kwa kalamu ya wino na mwandiko wa pole. Alinipa nilisome. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandikwa hivi: skrubu 14 zimebadilishwa upande wa bahari, mlango wa pili umefungika vizuri baada ya bawaba kutiwa mafuta, tone moja chini ya kenchi ya tatu, asili yake haijajulikana, nitapanda tena kesho.