Ekzosi Ilie Kiasi Gani?

Lugha yetu ina masikio. Trekta tumeliita tingatinga. Bunduki ya rashasha waliyokuja nayo Wajerumani, wazee wetu waliiita bombomu. Na chombo cha magurudumu mawili chenye injini tukakiita pikipiki, na wengine, hasa ndugu zetu wa Kongo, tukutuku. Hakuna aliyeitisha kikao cha kutafuta istilahi. Watu walisikia, wakatamka walichosikia. Kwa hiyo anayeniambia kwamba pikipiki haina budi kulia, namkubalia bila ubishi. Swali langu wiki hii ni moja tu: ilie kiasi gani?

Nauliza kwa sababu nakaa Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, jirani na Ngaramtoni. Jina lenyewe ni la Kimaasai, maana yake ndege mkubwa. Hapa ndipo kilipo Chuo cha Misitu, kilichoanza mwaka 1937, na msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Usiku ukiingia, misindano inanong'ona na mbwa wanabweka kwa zamu. Halafu saa saba anapita kijana mmoja ambaye ekzosi yake imetobolewa, na kaya zote kuanzia barabara ya Namanga hadi ukingo wa msitu zinajua kwamba amepita. Watoto wachanga wanajua. Wagonjwa wanajua. Mlinzi aliyetoka lindo na kulala mchana naye atajua, kwa sababu kijana huyo atarudi mchana.

Tabia hii haikuzaliwa Arusha, na dawa yake vilevile. Mwaka 1897 ndugu wawili wa familia ya Reeves, wa jimbo la Indiana huko Marekani, walipewa hataza ya chombo cha kupunguza mlio wa injini. Magari yalikuwa bado ya kuhesabika, lakini majirani walikuwa wameshachoka.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha baba na mwana. Baba ni Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, ambaye mnamo mwaka 1884 alitengeneza ile bombomu yenyewe. Bunduki za Maxim zilifika kwetu na wakoloni. Msafara wa Zelewski ulikuwa nazo Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku Wahehe wa Mkwawa walipouangamiza na kuziteka. Mzee Maxim alizijaribu bunduki zake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na uzeeni akawa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, akashika njia nyingine. Mwaka 1909 alipata hataza ya kiziba mlio cha bunduki, na kampuni yake ikatengeneza pia sailensa za injini. Baba alipasua masikio, mwana akayatafutia kinga. Na sisi wa redio tuna undugu naye kidogo, maana mwaka 1914 huyo huyo alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha warusha mawimbi wa ridhaa wa Marekani.

Hata wakimbiza magari walilazimika kunyamaza kidogo. Kule Brooklands, Uingereza, uwanja wa mashindano uliofunguliwa mwaka 1907, majirani walilalamika hadi mahakamani, na katika miaka ya 1920 ikawa hakuna kushindana bila sailensa kubwa mfano wa kopo. Mashindano yaliendelea, na rekodi zikaendelea kuvunjwa.

Sasa tuje kwenye vipimo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli si kama kilo za sukari. Ukiongeza desibeli 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, na sikio huisikia kama imekuwa maradufu. Marekani iliweka kikomo cha desibeli 80 kwa pikipiki za barabarani zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1986. Kanuni namba 41 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya, katika toleo lake la karibuni inaweka 73 kwa pikipiki dhaifu, 74 kwa za kati na 77 kwa zenye nguvu, kinasa sauti kikiwa mita 7.5 kutoka mstari inapopita. Bodaboda zetu za sisi 100 hadi 150 ni za kundi la kati.

Kwetu zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Kwenye makazi kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Huo ni wastani wa muda, si mlio mmoja unaopita. Hata hivyo hebu tupige hesabu. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Pikipiki ya desibeli 74 kwenye mita 7.5 itasikika kama 56 kwenye mita 60. Hiyo ni pikipiki nzima, yenye ekzosi ya kiwandani! Ukiing'oa matumbo ikaongeza desibeli 20, nyumba iliyo mita 60 inapata 76, zaidi ya ile inayopita mlangoni ikiwa salama.

Nilikwenda kijiweni kuwasikiliza vijana, maana si haki kumhukumu mtu bila kumsikia. Hoja yao ya kwanza ni usalama: malori ya Namanga hayawaoni, basi angalau yawasikie. Hoja hii siidharau, nimeona ajali za kutosha. Lakini ekzosi inatazama nyuma, na lori linalomtisha linatoka mbele, dereva wake amefunga vioo na muziki unalia. Taa iliyowashwa mchana na koti la kung'aa vingemfaa zaidi. Hoja ya pili ni nguvu. Fundi wao mwenyewe alicheka. Injini hizi zimepangwa pamoja na ekzosi yake na kabureta yake. Ukitoboa upande mmoja tu, mlima wa kwenda chuoni utakuambia. Hoja ya tatu walinidokeza kwa sauti ya chini: abiria akiisikia kwa mbali anajua nani anakuja. Hiyo ni biashara, naielewa. Ni vijana hawa hawa wanaompeleka mama mjamzito zahanati usiku wa manane, wakati hakuna gari.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ekzosi ilie kama ilivyotoka kiwandani, isizidi. Askari wa usalama barabarani hahitaji maabara kuipima. Kanuni hiyo namba 41 ina kipimo cha pikipiki iliyosimama: kinasa sauti kinawekwa sentimita 50 kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa kwenye mzunguko maalumu. Ni kazi ya dakika chache.

Nyuma ya banda la yule fundi niliona rundo la ekzosi za kiwandani, zimefutwa vumbi na kufungwa waya mmoja mmoja. Nikamuuliza kwa nini hazitupi. Akasema wenyewe humwachia azitunze, kwa sababu siku ya kuuza pikipiki, mnunuzi huitaka ile ya kimya.