Upangaji wa Kumbukumbu katika Seva Zinazotumia Java
Programu kubwa za seva zilizoandikwa kwa lugha ya Java huhifadhi data zake katika eneo la kumbukumbu lenye ukomo. Msimamizi asipoutaja ukomo huo, Java kwa kawaida hujiwekea robo ya kumbukumbu yote. Seva ya gigabaiti 64 hupata 16 tu. Eneo hilo likijaa, mfumo husuasua, kisha husimama, na mwananchi aliye dirishani hurudi bila huduma.

Kiwango cha kuanzia huwekwa kwa agizo la -Xms na cha juu kwa -Xmx. Katika seva kubwa ni vyema vilingane. Hata hivyo, kuongeza si dawa daima, jambo linalosahauliwa mara nyingi: ukomo ukifika takribani gigabaiti 32, anwani ya kila kipande cha data hupanuka kutoka baiti 4 hadi 8, hivyo gigabaiti 33 huweza kubeba data pungufu kuliko 31.