Hewa ya Kuazima

Mgeni akishuka stendi ya Tukuyu kwa mara ya kwanza, kitu anachokisifu kabla hajasifu migomba wala viazi ni hewa. Ametoka kwenye moshi wa daladala, anavuta pumzi moja ndefu, anasema: jamani, huku mnaishi! Sisi wenyeji hucheka tu. Leo nataka nizungumzie hewa nyingine ya wilaya hii hii ya Rungwe, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu akiivuta ya kutosha haamki.

Kusini-mashariki ya mji wa Tukuyu uko mlima Kyejo. Mlima huu ni volkano, na mara ya mwisho ulitema uji wa moto yapata mwaka 1800, habari ambazo wazee wa Kinyakyusa walizirithishana kwa masimulizi. Moto ulizimika, lakini pumzi ya mlima haijakatika. Katika kijiji cha Ikama gesi ya kabonidayoksaidi hutoka ardhini yenyewe, na kampuni ya TOL huivuna, huisafisha na kuijaza mitungini. Hiyo ndiyo TOL ambayo hisa zake zilikuwa za kwanza kuuzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofunguliwa mwaka 1998. Gesi yenyewe ndiyo inayofanya soda ichemke ukifungua kizibo. Pengine ndugu msomaji umekwisha kuuonja mlima Kyejo bila kujua.

Ndani ya chupa gesi hii haina ubaya. Ubaya wake uko katika uzito. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, kwa hiyo hutambaa chini na kutuama mashimoni kama maji yasiyoonekana. Wenzetu wa Goma, huko Kongo, wana jina lake kabisa: mazuku. Katika hewa tunayovuta kila siku, kabonidayoksaidi haifiki hata sehemu 1 katika 1,000. Ikifika asilimia 10, mtu huzirai baada ya dakika chache. Ikizidi sana hapo, pumzi chache tu zinatosha. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos, nchini Kameruni, ambalo nalo liko juu ya volkano, lilitoa wingu la gesi hiyo. Likashuka mabondeni, likaua watu wapatao 1,700 na mifugo yao, wengi wakiwa wamelala.

Mimi sikuhitaji kusoma habari za Nyos ili niamini. Mwaka 1992, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, kijana mmoja alishuka katika shimo la choo lililokuwa likichimbwa jirani na kwetu. Lilikuwa limelala wazi siku tatu kwa sababu ya mvua, na yeye alifuata ndoo iliyoachwa chini. Hakujibu alipoitwa. Mjomba wangu, mtu mwenye nguvu zake, alivua koti akashuka kumtoa. Naye hakujibu. Wa tatu akataka kushuka, wanawake wakamshika shati, wakapiga kelele mpaka ikaletwa kamba. Miili ilitolewa jioni. Majeraha hayakuwapo, na kwa kuwa hayakuwapo, msibani kukazungumzwa uchawi. Kuna familia mbili ambazo hazikusalimiana kwa miaka mingi kwa ajili ya shimo lile.

Hapo ndipo lilipo fumbo ambalo binadamu alichukua muda mrefu kulifumbua. Mjomba angejifunga kitambaa puani, angekufa. Angevaa barakoa nzuri ya dukani yenye chujio, angekufa vilevile. Chujio huzuia vumbi, na baadhi ya machujio huzuia sumu fulani, lakini hakuna chujio linaloweza kutengeneza oksijeni mahali ambapo haipo. Katika hewa ya namna hiyo dawa ni moja: kuvuta hewa ya mahali pengine, iliyoletwa kwa mpira au kubebwa mtungini. Hewa ya kuazima.

Waliolitambua hilo mapema ni watu wa migodi. Mwaka 1860 Mfaransa Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi, alipata hati ya uvumbuzi wa kifaa cha kumpimia mwokoaji hewa iliyoshindiliwa kadiri anavyoivuta. Baadaye wapiga mbizi ndio waliokipa umaarufu. Lakini ninayempenda mimi ni Garrett Morgan, Mmarekani mweusi, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1914 alipata hati ya kofia ya kufunika kichwa chote, yenye mpira mrefu unaoning'inia mpaka karibu na sakafu. Alijua kwamba moshi wa moto hupanda juu, na hewa nzuri hubaki chini. Julai 1916 gesi ililipuka katika handaki la maji chini ya ziwa Erie, mjini Cleveland. Waokoaji walioingia mwanzo hawakuwa na vifaa, na kadhaa kati yao walifia humo. Morgan na ndugu yake wakaitwa usiku, wakavaa kofia zao, wakaingia, wakatoka na watu walio hai.

Sasa ichukue kofia hiyo ya Morgan uishushe katika shimo la mjomba wangu. Mpira wake ungekwenda kunyonya hewa chini, palepale mazuku ilipotuama. Kifaa kilichookoa watu Cleveland kingeua mtu Tukuyu. Kumbe, kabla ya kuuliza umevaa nini, hapana budi kuuliza hewa yako inatoka wapi.

Na swali hilo lina matawi. Mashine inayosukuma hewa ikiwekwa karibu na bomba la moshi la gari au jenereta, humlisha mfanyakazi kabonimonoksaidi akidhani analindwa. Viwandani kuna mabomba ya naitrojeni yanayofanana na ya hewa. Uchunguzi wa Marekani ulikuta kwamba kati ya mwaka 1992 na 2002 naitrojeni iliua watu 80 kazini, wakiwamo waliounganishiwa mpira wa pumzi kwenye bomba lisilo lake. Tena mashine huzimika. Juni 2002, kule Mererani, wanaapolo wapatao 40 walikufa kwa kukosa pumzi chini ya ardhi baada ya mashine ya kuwapelekea hewa kuharibika. Ndiyo maana anayetegemea mpira sharti awe pia na kichupa cha dharura kiunoni, chenye hewa ya kumtoa nje, na mlinzi juu ambaye haondoki, haendi chai, na hashuki.

Neno hilo la kutoshuka ni gumu kwetu. Damu huita. Lakini mwaka 1986, ule ule wa Nyos, taasisi ya afya ya kazini ya Marekani ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika mashimo, matangi na mahali pa namna hiyo walikuwa wameingia kuokoa wenzao.

Nchini kwetu wakala wa OSHA ulianzishwa mwaka 2001, na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ikapitishwa mwaka 2003. Kiwandani mkaguzi anaweza kufika. Kwenye shimo la choo la mtu binafsi sijapata kumwona.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimkuta fundi anachimba kisima, kimefika futi 30. Nikamuuliza hupimaje hewa kabla ya kushuka. Akaniambia, kaka, nateremsha koroboi kwa kamba, ikizimika, sishuki. Nikamweleza kwamba mwanga unaweza kuendelea kuwaka huku gesi hiyo imekwisha kufika kiwango cha kumwangusha mtu. Akaitazama koroboi yake. Akaniuliza hiyo mashine ya kupeleka hewa ni shilingi ngapi, na kama inakodishwa Mbeya. Nikamwahidi kuulizia. Nimepata bei: inazidi malipo yake ya visima viwili. Juma hili nampelekea jibu.