Sakafu na Mteremko: Tarehe ya Ubao wa Magurudumu Ikitazamwa Kutoka Kilakala

Mtu asimamaye Kilakala, pembezoni mwa Morogoro, na kuuelekeza uso wake katika milima ya Uluguru, ambako kilele cha Lupanga kinafikia kimo cha mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, hali mji wa Morogoro umelala nyuma yake katika takriban robo tu ya kimo hicho, hahitaji mwalimu wa kumfundisha maana ya mteremko. Maji yaujua, nayo masika huuandika upya kila mwaka kwa makorongo. Na akina mama washukao kutoka vijiji vya mlimani na ndizi, mboga na matunda vichwani, ili wawahi soko, waujua kwa magoti na shingo zao. Hata hivyo mteremko huu, kwa wingi wake wote, haukupata kuzaa gurudumu. Njia za Waluguru, wenyeji wa milima hii, zilipita penye mawe, mizizi na utelezi, zikaufaa mguu na fimbo, na mzigo ulipanda kichwani kwa kuwa hapakuwa na chombo kingine ambacho njia zile zingekikubali. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu nakusudia kueleza tarehe ya ubao wa magurudumu, ambao vijana huuita skeitibodi, na itikadi yangu ni kwamba yeyote atakaye kuielewa tarehe hiyo yampasa aanze na ardhi iliyo chini ya magurudumu, kisha ndipo aufikie ubao.

Ardhi ya Morogoro ilisawazishwa kwa awamu, na kila awamu ilikuwa na bwana wake. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 katika utawala wa Wajerumani iliwasili hapa mwaka 1907, ikawa njia ya kwanza ambayo juu yake kitu kizito kiliweza kubingirika. Katika miaka ya 1950, watawa wa Maryknoll walihitaji pia ardhi sawa walipoanzisha Kilakala chuo cha wasichana kilichoitwa Marian College, ambacho baada ya kutaifishwa kimekuwa Shule ya Sekondari Kilakala. Katika muongo huo huo serikali ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani ili udongo usichukuliwe na mvua. Watu wakaona ni taabu isiyo na tija, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, katika milima hiyo hiyo, mpango ukaachwa. Mjini kulikuwa na haja nyingine ya mahali palipo sawa, yenye furaha zaidi: bendi ya Morogoro Jazz iliyoundwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah iliyoanza mwaka 1948, zilihitaji kumbi ambazo mchezaji aweza kuburuta soli ya kiatu chake bila kukwaruzwa. Naamini dansi liliwafundisha watu wa mji huu thamani ya sakafu laini kabla ya mchezo wowote wa magurudumu.

Sasa na tuvuke bahari. Katika miaka ya 1950 vijana wa pwani ya California nchini Marekani, waliozoea kupanda mawimbi wakiwa wamesimama juu ya mbao, walikuwa wakiondoa magurudumu katika viatu vya kutelezea, wakayapigilia chini ya kipande cha ubao, nao wakashuka barabarani siku ambazo bahari imetulia. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa ya chuma, yakafuatwa na ya udongo ulioshinikizwa, nayo yote mawili yalikuwa na aibu moja: kijiwe kidogo kisichozidi punje ya hindi kilitosha kulisimamisha gurudumu ghafla, na mpandaji akaendelea mbele peke yake. Mwaka 1965 mashindano makubwa yalifanyika Anaheim na kuonyeshwa katika televisheni. Lakini madaktari walikwisha kuonya, miji mingi ikapiga marufuku, na biashara ikaporomoka kana kwamba haikuwapo.

Mchezo ulifufuliwa na kemia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy aliyaona magurudumu ya yurithani yaliyotengenezwa kwa ajili ya viatu vya kutelezea, akatambua kuwa malighafi hiyo, yenye ulaini wa kumeza changarawe na ugumu wa kudumu, ndiyo iliyokuwa ikikosekana chini ya ubao. Tangu hapo barabara zilizokuwa adui zikawa uwanja. Kisha katika 1976 na 1977 California ikashikwa na ukame mkali, na mabwawa ya kuogelea ya nyumba za watu yakaachwa makavu. Vijana wakaruka viambaza, wakaingia ndani, wakakuta kuta za zege zilizopinda kwa upole kutoka sakafu hadi ukingo, wakajifunza kuzipanda na kuzishuka. Umbo la viwanja vingi vya mchezo huu, vilivyojengwa duniani hadi leo, limerithiwa kutoka mabwawa yale. Mwaka 1978 kijana wa Florida, Alan Gelfand, alijulikana kwa kuruka na ubao wake hewani pasipo kuushika kwa mkono, na baada ya miaka michache Rodney Mullen akauhamisha mruko huo kutoka kuta zilizopinda akauleta penye ardhi tambarare. Hapo ngazi, viti vya bustani na vyuma vya kushikilia vikaingia katika milki ya mchezo. Msomaji na azingatie kwamba katika habari yote hii vijana wa Marekani walizikuta sakafu zimekwisha andaliwa na watu wengine, kwa makusudi mengine, nao wakazitwaa.

Ubao wenyewe ni kitu cha ustadi. Aghalabu huundwa kwa tabaka 7 nyembamba za mti wa mepo wa Marekani ya Kaskazini, zilizogandishwa kwa gundi na kushindiliwa pamoja katika kalibu hadi ncha zote mbili zikainuka. Juu hubandikwa msasa ili mguu usiteleze, na chini hufungwa ekseli mbili zenye mpira kati, hivyo mpandaji akiegemea upande mmoja magurudumu hugeukia upande huo huo. Kila gurudumu hubeba beringi 2, nazo ni za kipenyo cha milimita 22 na tundu la milimita 8, kipimo kile kile kitumikacho katika mashine na mota nyingi ndogo, kwa hiyo fundi yeyote wa mjini amekwisha kuzishika mkononi. Watoto wa miji yetu wamezijua beringi muda mrefu kwa vigari vya mbao wanavyojiundia, ambavyo sauti yake ya chuma juu ya lami hutangulia kufika kuliko vyenyewe.

Ama kiatu, mchezo huu hupenda soli bapa ya mpira, isiyo na kisigino. Na hapa mtu wa Morogoro hawezi kupita bila kukumbuka kiwanda cha viatu kilichojengwa mjini kwetu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nacho hakikupata kuukaribia uwezo huo hata siku moja. Nawaza juu yake kwa majonzi, kwa kuwa ngozi ilikuwapo, mikono ilikuwapo, na miguu ya kuvaa ilikuwapo.

Nimesema kwamba Uluguru haukuzaa gurudumu. Lakini iko milima mingine ya Waswahili iliyozaa. Katika Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo, tangu miaka ya 1970 watu wameunda chukudu, chombo kizima cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi, usukani wa pembe mbili, na ubao mrefu ambao mwendeshaji hupiga goti moja juu yake, huku mguu wa pili ukiisukuma ardhi. Hubeba mamia ya kilo za viazi, mkaa, kabichi na kuni kutoka nyanda za juu hadi Goma, kikishuka kwa uzito wake chenyewe na kupandishwa kwa mabega ya mwenyewe, nacho kimelisha jamaa nyingi na kusomesha watoto katika nchi iliyochoshwa na vita na kuunguzwa na volkano ya Nyiragongo. Watu wa Goma wamekisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara, na mimi naona heshima hiyo imewekwa mahali pake. Chukudu na ubao wa California ni ndugu wa baba mmoja, ambaye ni mteremko. Mmoja alitumwa kazini na mwingine akaachiwa kucheza.

Mchezo wenyewe, kwa umbo lake kamili, ulipata makao Afrika ya Mashariki katika Kitintale, mtaa wa Kampala ulio katika njia ya kwenda Port Bell. Mwaka 2006 Jackson Mubiru, kijana wa hapo, pamoja na Shael Swart aliyetoka Afrika Kusini, na vijana wa mtaa, walijenga kwa mikono yao uwanja wa zege wenye kuta zilizopinda, unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa namna yake katika nchi zetu. Hapakuwa na duka lililouza mbao wala magurudumu. Mbao zilikuja moja moja, kwa wageni na kwa hisani, zikawa chache na wapandaji wengi, na kwa hivyo ubao mmoja ulizunguka kwa zamu baina ya watoto, kila mmoja akingoja ukingoni na kusoma makosa ya mwenziwe. Mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, alipiga picha huko zilizopeleka jina la Kitintale mbali. Na vijana wale wakaunda umoja wao wa mchezo.

Nalitukuza jambo la Kitintale kupita yote niliyoyataja kwa sababu ndipo tarehe ya mchezo huu ilipogeuka. Vijana hawa hawakuwa na bwawa kavu la tajiri la kuingia kwa kunyemelea, wala njia pana za mji zilizosakafiwa. Walikuwa na udongo mwekundu, ambao juu yake gurudumu la yurithani halifai kitu. Ikawalazimu wawe waashi kabla ya kuwa wachezaji, wachanganye zege kabla ya kulipanda. Nairobi nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika makao ya watoto ya Shangilia yaliyoko Kangemi, uwanja wa zege ulijengwa kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Addis Ababa ikapata wake mwaka 2016. Mashindano ya Olimpiki ya Tokyo, yaliyofanywa mwaka 2021, yaliuingiza mchezo huu kwa mara ya kwanza, na msichana wa Kijapani mwenye umri wa miaka 13, Momiji Nishiya, akatwaa medali ya dhahabu. Wako watoto wa umri huo Kilakala pia.

Basi Kilakala ina nini cha kujengea uwanja wake? Ina mawe, ina mchanga wa mito, ina wagonga kokoto, na ina waashi wajuao kupiga niru hadi sakafu ikang'aa. Ujuzi huo wahitaji kurekebishwa kidogo tu, kwa kuwa sakafu ya magurudumu yapasa iwe laini pasipo kuteleza, na gurudumu la milimita 52 hukwama katika ufa ambao gurudumu la baiskeli halitauhisi. Ukuta uliopinda hutaka kalibu ya mbao iliyokatwa kwa upinde mmoja, ambayo mwashi huipitisha juu ya zege bichi kama apitishavyo rula juu ya sakafu; kisha zege lifunikwe magunia na kumwagiliwa maji siku saba, lisipasuke kwa jua. Penye mteremko kama huu wetu, mahali pa kuchongwa pahitaji ukuta wa mawe upande wa juu, na mfereji mpana nyuma yake uanze kuchimbwa kabla ya kazi nyingine yoyote, maana masika ya Uluguru yakikosa njia yao wenyewe hupita katikati ya uwanja.